Kwa Watoto wa Shule: Yai, Chumvi na Mpunga

Mwulize mwanafunzi kwa nini jiwe huzama, atajibu mara: «Kwa kuwa ni zito.» Lakini gogo linalochukuliwa na maji ya Lualaba huwashinda watu wengi kulibeba, nalo laelea, punje ya mchanga haina uzito wa kuhisika mkononi, nayo yazama. Yatupasa basi kulinganisha vitu vya kipimo kimoja. Lita ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita ya mawese ni gramu 900 na kitu. Ndiyo sababu mawese hukaa juu ya maji.

Sasa twaeni chungu cha maji na yai lililotagwa karibuni (lililokaa siku nyingi lina hewa ndani, litawadanganya). Yai lazama. Tieni chumvi kidogo kidogo, mkikoroga taratibu. Mwisho yai lapanda lenyewe, likaonyesha juu ya maji sehemu yenye upana wa ukucha wa kidole gumba. Yai halikugeuka, maji ndiyo yaliyoongezeka uzito, yakalisukuma juu kwa nguvu zaidi.

Mwalimu akiishia hapo, amefundisha nusu. Mpunga uliletwa Maniema na wafanya biashara waliotoka pwani katika karne ya 19, na hata leo watu wa Kasongo na Kabambare wanaulima. Kila mwaka jamaa nyingi hujinyima chakula ili kikapu cha mbegu kisiguswe. Yasikitisha ikiwa mbegu hiyo ni mapepe! Katika maji matupu, pepe kabisa laelea, lakini punje iliyojaa nusu huzama pamoja na zile njema, isijulikane. Katika maji yale ya chumvi yaliyopimwa kwa yai, hiyo nayo hupanda juu. Ziondoeni zinazoelea. Zilizozama zioshwe upesi kwa maji safi, mara mbili au tatu, maana chumvi huzuia kuota. Mama akinung’unika kwa ajili ya chumvi yake, na ana haki, mwambieni kwamba maji hayo yafaa kwa vikapu vingine.

Kisha twaeni punje 100 zilizozama na 100 zilizoelea, zote zimeoshwa. Zifungeni mbali mbali katika vitambaa vibichi, msiviache vikauke. Baada ya juma moja fungueni, mhesabu zilizoota, na wazazi wawepo.