Baba, Shika Sindano

Tembea Gikomba uhesabu ni nani wamekalia cherehani. Wanaume wapo kibao. Wanashona suti, sare za shule, mapazia, hata gauni za harusi, na hakuna mpita njia anayewauliza kama wamekosa kazi ya kiume. Sasa ingia kwa baba yeyote wa rika letu, kifungo cha shati la mtoto kikiwa kimetoka. Utasikia, "Ngoja mamako arudi." Sindano ni ileile. Tofauti ni kwamba hapa hakuna anayelipa.

Utafiti wa KNBS wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake nchini hutumia karibu mara tano ya muda ambao wanaume hutumia kwa kazi za nyumbani na malezi yasiyo na malipo. Mara tano! Halafu tunaandika mitandaoni kwamba sisi ni kizazi kipya.

Basi tuanze na kiti. Kile cha mfuko, kisicho na miguu, ambacho ukikikalia kinakumeza. Waitaliano watatu, Gatti, Paolini na Teodoro, walikibuni mwaka 1968 wakakiita Sacco, yaani gunia. Gunia, bana! Unaniambia umeshindwa na gunia?

Kata vipande sita vyenye umbo la jani, uviunganishe ubavu kwa ubavu, kisha uzibe chini kwa kipande cha duara. Jinzi za mitumba zinafaa sana. Shona mifuko miwili: wa ndani uzibwe kabisa kwa uzi, wa nje uweze kuvuliwa ukafuliwe, kwa sababu uji utamwagika tu. Kila mshono upitie mara mbili. Mtoto hakai kitini, anakirukia.

Cha kujaza ndicho cha kuangalia. Vingi vya madukani vina tembe nyeupe za plastiki, nyepesi kama bisi. Mwaka 2014 huko Marekani, viti kama milioni 2.2 viliondolewa sokoni baada ya watoto wawili kufungua zipu, kuingia ndani na kufa kwa kukosa hewa. Kwa hivyo achana na tembe. Jaza mabaki ya vitambaa na vipande vya sponji. Kitakuwa kizito, sawa, lakini utajua kilicho ndani. Na mtoto mchanga asilazwe juu yake hata kidogo.

Najua majibu yenu. "Sina wakati." Lakini Jumamosi una dakika 90 za mpira, na saa nzima ya kubishana kuhusu refa. "Nitamnyima fundi riziki." Nenda kwake ununue mabaki, umlipe akufundishe kushona mstari ulionyooka, hatakataa pesa zako. "Kununua ni rahisi." Pengine. Ukichukua kitambaa kipya na sponji mpya, hesabu inaweza kukaribia ya duka. Sijasema ushone ili uokoe pesa.

Nasema ushone kwa sababu mtoto anaangalia. Mvulana anayemwona babake akitunga uzi, akijichoma kidole na kuendelea, hatahitaji semina ya usawa wa kijinsia akiwa na miaka 25. Msichana anayemwona hivyo hatakubali kuambiwa kwamba kila kilichopasuka nyumbani kinamsubiri yeye. Na mama yao? Huyo atapata Jumamosi moja ya kukaa chini, haki yake wala si zawadi.

Usipige picha uipeleke Instagram ukisubiri makofi. Hakuna anayempigia mama makofi akirefusha pindo la sare saa tano usiku. Shona, kunja kitambaa kilichobaki, fagia nyuzi sakafuni. Kisha tafuta kile kifungo.