WAGANGA WAWILI, MWILI MMOJA



Mwezi uliopita kijana mmoja alinifikia nyumbani jioni. Baba yake aliumia mgongo kazini. Akaniambia: "Pasta, munganga wa kampuni anasema papa iko muzima, arudie kazi. Munganga mwingine, ule tulilipa sisi wenyewe, anasema papa hatabeba tena kitu ya buzito. Sasa tuamini nani?"

Nilimpa chai kwanza. Swali lake lilinikumbusha watu wa mbali sana ambao wamelibishania mbele ya waamuzi kwa miaka mingi: mabaharia wa Ufilipino.

Musishangae. Shaba inayotoka hapa kwetu, ikifika Dar es Salaam ao Durban, inapakiwa ndani ya merikebu, na Ufilipino ni kati ya inchi zinazotoa mabaharia wengi zaidi duniani. Ni kazi ya kufunga kamba, kupanda ngazi, kushinda karibu na mashine za moto. (Mimi nilitapika katika mashua ya kutoka Kalemie kwenda Moba, basi sitajifanya ninaijua.) Baharia hana kazi ya kudumu. Anatia sahihi kontra ya miezi, inaisha, anangoja ingine. Na mbele ya kila safari munganga anampima: muzima anapanda, asiye muzima anabaki.

Sasa, akigonjwa baharini, anarudishwa kwao. Kontra ya serikali yao, iliyotengenezwa upya mwaka 2010, inamwagiza ajionyeshe kwa munganga aliyechaguliwa na kampuni katika siku 3 za kazi tangu kufika kwake. Kama hali yake haimuruhusu kwenda, apeleke habari kwa maandishi katika siku zilezile. Asipofanya hivyo, anaweza kupoteza haki yake yote. Siku 3 tu! Mtu ametoka safari ndefu, watoto wamemurukia shingoni, mama amepika, na kumbe siku zinahesabiwa.

Munganga yule wa kampuni ana siku 120 za kusema neno la mwisho: huyu ni muzima, ao huyu ana ulemavu wa degre fulani. Kama matunzo yanadai wakati zaidi, na sababu yake inaonekana, siku zinaweza kufika 240. Degre ni 14. Ile ya kwanza, ya mtu asiyeweza tena kazi hata kidogo, ni dola 60 000. Ile ya 14 ni dola 1 870. Oneni umbali ule. Ni neno la munganga njo linaamua kama jamaa itajenga nyumba ao italipa deni la duka tu.

Na munganga yule analipwa na nani? Na kampuni. Kwa hiyo baharia anatafuta munganga wake mwenyewe, na huyo naye analipwa na mugonjwa. Sisemi kwamba waganga wanauzisha maneno yao. Wengi ni watu wa haki, na mgongo ni kitu kigumu kusoma. Picha moja, macho mawili, maana mbili. Lakini mimi ningekuwa mwamuzi ningeogopa.

Kontra ile ilitafuta njia: waganga wawili wakipingana, pande zote mbili wachague pamoja munganga wa tatu, na neno lake linawafunga wote. Ni njia nzuri. Shida ni kwamba wengi hawaifuati.

Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Ufilipino iliamua kesi ya mtu wa pampu katika merikebu ya mafuta. Jicho lake la kuume liliharibika mwaka 2000, akarudishwa, akatibiwa kwa gharama ya kampuni. Mwanzo wa 2001 wakasema anaweza kurudia kazi, naye akatia sahihi karatasi ya kukubali. Kisha akaenda kwa waganga wengine. Mmoja akamwambia kazi ya pampu inaweza kurudisha ugonjwa. Mwingine akamwandikia ulemavu wa degre ya 10. Mwamuzi wa kwanza alimpa haki. Wa juu wakaigeuza, mpaka mwisho. Kati ya sababu walizotoa: hakutafuta munganga wa tatu, na yule wa kampuni ndiye aliyemfuata kwa miezi. Miaka 7 hivi ya tribinali, akatoka mikono mitupu.

Lakini siku zinafunga kampuni pia. Mwaka 2015 mahakama ileile ilieleza wazi: munganga wa kampuni akipitisha siku 120 pasipo neno la mwisho, na pasipo sababu ya kuongeza, ulemavu unahesabiwa kuwa wa moja kwa moja. Akichelewa, hata kama alikuwa na haki, neno lake linaanguka.

Tena kuna maavoka waliokuwa wanangojea wagonjwa na kula sehemu kubwa ya feza. Mwaka 2015 sheria iliwawekea mpaka: asilimia 10. Na sheria mpya ya mabaharia ya Septemba 2024 ikaleta ubishi mwingine: baharia aliyeshinda, akitaka kupokea feza inayobishaniwa wakati kampuni ingali inakata rufani, aweke dhamana. Mtu wa mgongo uliovunjika atoe dhamana wapi? Mimi sikuielewa hekima hiyo.

Kijana alisikiliza yote. Nilimwambia sheria ile si ya kwetu; kwetu habari za ajali ya kazi zinapita CNSS, ile wazee wangali wanaiita INSS, na huko njo ataenda kuuliza. Kisha nikamuuliza: barua ya munganga wa kampuni iliandikwa tarehe gani?

Akatazama chini. "Papa alitia sahihi, Pasta. Lakini hawakumupatia kopi."

Kesho yake asubuhi tulikwenda sote wawili kuiomba.