McCarthy: Mabao yalisubiriwa, ngome ikajibu

Benni McCarthy alipokabidhiwa Harambee Stars Machi 2025, mashabiki wengi, wakiwemo wabishanao Feri, Mombasa, wakingoja kuvuka kwenda Likoni, walitarajia mvua ya mabao. Haikuwa ajabu: alikuwa mshambuliaji wa Porto iliyotwaa ubingwa wa Ulaya 2004.

Hata hivyo, katika CHAN ya Agosti 2025, Stars ilifunga bao 1 tu katika kila mechi kati ya 5 ilizocheza. Ngome ndiyo iliyoibeba: iliongoza kundi ikiwa imefungwa bao 1, na kuilaza Morocco 1-0 ikiwa na wachezaji 10.

Lakini Madagascar iliposawazisha katika robo-fainali, hapakuwa na bao la akiba. Kenya ikatolewa kwa matuta. Ulinzi huifikisha timu mbali. Hauivushi peke yake.