Kiti Nilicholipia Kiliishia Ntulele

Radieta ilipochemka, jua lilikuwa limeshaanza kuinama nyuma yetu. Matatu ya viti 14 iliyotutoa Bomet mchana ilikohoa mara mbili, ikatoa mvuke chini ya kiti cha dereva, ikazima mbele kidogo ya Ntulele. Tulikuwa tumebaki abiria 5, wengine walishuka Narok. Makanga alisimamisha gari la chama kingine cha matatu, akanong'ona na makanga mwenzake dirishani, noti zikapita kiganja kwa kiganja, kisha akatugeukia: "Ingieni hilo, mmelipiwa." Kila mmoja wetu alikuwa ametoa shilingi 900 za kufika Nairobi. Nilizihesabu zile noti kwa macho: 200 kwa kichwa. Mai Mahiu tukaambiwa tushuke, maana tuliuzwa mpaka hapo tu, na anayekwenda Nairobi atoe nyingine.

Wiki iliyofuata nilipita ofisi ya chama chenye ile matatu iliyozima, kule Bomet. Walinikaribisha chai, wakanisikiliza, wakanijibu kwa upole. Majibu yenyewe yalikuwa yale yale ambayo makanga aliyatoa kwa ukali kule barabarani. Nimeyasikia miaka mingi, kwa vyama vingi, mpaka abiria wenyewe wameyakubali kana kwamba yalipitishwa bungeni.

La kwanza ni kwamba nauli ikishalipwa hairudishwi. Limepigwa chapa hata kwenye risiti, chini ya maneno ya kututakia safari njema. Sasa nenda kwenye kituo chochote cha kununulia majani chai huku kwetu. Karani anatundika gunia kwenye mizani, anatoa uzito wa gunia lenyewe, anakupa risiti ya kilo zako. Kuanzia hapo lori linaweza kuzama kwenye matope ya Konoin mpaka alfajiri. Kilo zilizoandikwa ni zako, na mwisho wa mwezi utazidai. Aliyepokea mzigo ndiye amebeba na taabu ya njia. Mkulima anayelijua hili kuliko wakili yeyote huingia kwenye matatu, akalipa safari nzima, akafikishwa nusu, akashuka kimya. Kwa nini mzigo wa majani uwe na haki kuliko mtu aliyeyachuma?

Na sheria haiko upande wa risiti ile. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro ya huduma hiyo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema haki zake haziondolewi na makubaliano yoyote, hivyo mstari mmoja wa wino chini ya risiti hauwezi kuzifuta. Ninachonunua kwa 900 ni kufika Nairobi. Kiti ni chombo tu cha kunifikisha.

"Lakini mmelipiwa, na gari ni gari." Hili ndilo linalowanyamazisha wengi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kumhamishia abiria kwenye gari jingine si kosa. Ni jambo la busara, tena afadhali lifanywe haraka, kwa kuwa kusubiri kando ya barabara hizi si mchezo. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction katika kaunti jirani ya Kericho, lori liliacha njia likavamia magari na watu waliokuwa kando ya barabara, wakafa zaidi ya 50. Sitaki kukaa Ntulele nikibishania risiti huku matrela yakinipita usoni.

Kosa liko kwenye bei na kwenye siri. Makanga aliuza safari yangu kwa 200 bila kuniuliza, bila kuniambia ameniuza mpaka wapi, na kilichobaki akakitia mfukoni. Tena risiti niliyo nayo ina namba ya gari lililozima. Lile la pili likipinduka kwenye mteremko, nitamthibitishia nani wa bima kwamba nilikuwa ndani yake? Gari ni gari mpaka siku ya ajali, halafu ghafla kila gari linakuwa na mwenyewe.

Kisha wakaniambia gari kuharibika ni mipango ya Mungu. Hapa ndipo nilipowatolea mfano wa meli, wakacheka. Labda nilistahili kuchekwa, maana kutoka Bomet mpaka baharini ni safari ya siku nzima na zaidi. Hata hivyo wenye meli za starehe wamelifikiria jambo hili kwa sababu waliaibishwa hadharani. Februari 2012 meli ya Costa Allegra, iliyokuwa na watu zaidi ya 1,000, ilishika moto kwenye jenereta ikitoka Madagascar kwenda Ushelisheli, bahari hii hii yetu. Umeme ukakatika, ikabaki ikielea. Meli ya Wafaransa ya kuvua jodari ikaivuta mpaka Mahé, ambako ilifika Machi 1. Kampuni iliahidi kurudisha nauli, na ikawapa abiria hiari: kurudishwa kwao kwa ndege, au kuendelea na likizo Ushelisheli kwa gharama ya kampuni. Mwaka uliofuata Carnival Triumph ikaungua chumba cha mitambo katika Ghuba ya Mexico, watu zaidi ya 4,000 wakakaa siku kadhaa bila vyoo vya kufaa, picha zikazunguka dunia nzima. Waliposhuka walirudishiwa nauli yote, wakaongezwa dola 500 kila mmoja na safari nyingine ya bure.

Miezi mitatu baadaye, Mei 2013, muungano wa kampuni hizo ulitangaza hati ya haki za abiria. Safari ikifutwa kwa hitilafu ya mitambo, unarudishiwa nauli yote. Ikikatizwa katikati kwa hitilafu hiyo, unarudishiwa sehemu, unasafirishwa mpaka bandari uliyokuwa ushukie au mpaka mji wa kwenu, na ikibidi ulale mahali pasipo kwenye ratiba, malazi ni juu yao. Hakuna aliyemtaja Mungu pale. Mtambo ni wa mwenye meli, na radieta ni ya mwenye matatu. Ile yetu ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu, nilikiona makanga alipoinua kiti kumwagia maji. Mipango ya Mungu haifungwi kwa tyubu.

Nisiwapambe wenye meli kupita kiasi. Mikataba yao mirefu huwapa ruhusa ya kuruka bandari au kubadili njia, na bahari ikichafuka unaweza kurudishiwa ada ya bandari tu. Novemba 2005 Seabourn Spirit iliposhambuliwa na maharamia karibu na Somalia, iliacha kuja Mombasa ikakimbilia Ushelisheli, na sioni ni nani angeilaumu. Lakini hata wao wanatenganisha injini iliyokufa na bahari iliyochafuka. Ofisi ile ya Bomet haitenganishi kitu. Mvua, maporomoko, tairi bovu, dereva aliyechoka, yote yanatiwa kapu moja.

Kwa hiyo wakiniuliza, je, barabara ikikatika? Swali zuri, na hapo nalegeza kamba. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Suswa na barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ikakatika. Hakuna chama cha matatu kilichochimba ule ufa. Siku kama hiyo sidai fidia ya kuchelewa, wala ya mkutano nilioukosa, wala ya chakula cha usiku. Nadai pesa za kilomita ambazo hazikutembezwa, kwa sababu mafuta yake hayakuchomwa. Jambo likiwa si kosa la mtu, hasara tunagawana. Haiwi yangu yote.

"Gari si la ofisi, ni la mtu binafsi." Hili ni fupi. Tangu kanuni za 2014 za mamlaka ya usafiri, NTSA, mwenye gari la abiria hupata leseni kupitia chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Rangi ni ya chama, stegi ni ya chama, risiti ina jina la chama. Chenye magari 30 hakikosi moja la kutuma Ntulele.

Halafu kuna lile la kunikumbusha hadhi yangu: abiria wa meli analipa maelfu ya dola, wewe umelipa 900. Mama anayechuma majani ya watu kwa kilo anajua ni asubuhi ngapi zimo ndani ya 900. Yule wa melini aliweka akiba ya starehe. Wa kwetu amekopa nauli apeleke mgonjwa au mtoto wa shule. Ukipima kwa uzito wa mfuko, nani amepoteza zaidi?

Mwisho, kwa tabasamu: "Basi nenda kortini." Mahakama za madai madogo zipo. Ya kwanza ilianza Milimani Aprili 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unajisimamia mwenyewe, na kesi inapaswa kuisha ndani ya siku 60. Lakini waliotabasamu walikuwa na haki ya kutabasamu: hakuna atakayeshtaki kwa shilingi 450, nusu ya nauli, nami sikwenda. Hesabu yao yote imesimama hapo, kwamba deni la kila mmoja ni dogo mno kudaiwa na la wote ni kubwa mno kurudishwa.

Isipokuwa siku ile ya Ntulele kulikuwa na bibi mmoja, amepakata kibuyu cha maziwa ya mursik kilichofungwa mdomo kwa nailoni ili kisimwagike. Makanga alipomwambia, "Kogo, panda, umelipiwa," hakupanda. Alisimama mlangoni akanyoosha mkono. "Nipe zangu," akasema, "nijilipie mwenyewe." Makanga akasema wenzako wote wameingia. Akasema hao ni wao. Yule makanga wa pili akaanza kupiga honi. Dakika tatu hivi, na ndani ya gari tukaanza kunung'unika kwamba anatuchelewesha, mimi nikiwa mmoja wao. Akapewa 400. Akalipa 200 kwa mkono wake, akauliza linaishia wapi, akajibiwa Mai Mahiu, akaingia na kibuyu chake.

Pale Mai Mahiu, sisi wanne tulipokuwa tukipekua mifuko na kubishana na makanga ambaye kwa kweli hatukumdai lolote, bibi alikuwa ameshakaa kiti cha mbele cha gari la Nairobi, anahesabu zile 200 zilizobaki.