Nyayo za Ng'ombe Hazijui Mpaka

Leo mazungumzo yetu ni ya Nyarugusu. Nasema Nyarugusu ya Geita, ya dhahabu, wala si ile ya Kasulu yenye kambi ya wakimbizi, maana watu wengi huzichanganya.

Mchimbaji mmoja ninayemfahamu aliamka asubuhi akakuta pampu yake ya kuvutia maji haipo. Duara limejaa maji, vijana wake wamekaa juu ya mawe wameshika tama. Akaenda kwa msimamizi wa machimbo. Yule bwana akafungua daftari, akaandika: pampu nyekundu, imeibwa usiku. Akafunga daftari. Juma lile lile, katika machimbo mengine, mwendo wa saa moja kwa miguu, kijana mgeni alikuwa akiuza pampu nyekundu kwa bei ya kutupa. Msimamizi wa huko akamshuku, akaandika jina lake, akamfukuza. Naye akafunga daftari. Wazee hao wawili walikutana msibani baada ya miezi miwili. Wakaongea habari za mvua. Habari za mvua zikaleta za maji, na za maji zikaleta za pampu. Lo! Wakatazamana. Pampu ilikwisha kwenda zake, na kijana pia.

Siwataji, kwa kuwa hawakufanya ubaya. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri, ila aliifanya peke yake.

Nami nastaajabu kwamba jambo hilo limetokea Usukumani. Watu wa huku tangu zamani walijua kupashana habari za mwizi. Ng'ombe wakiibwa hupigwa mwano, yaani yowe. Kijiji cha pili kikisikia hupiga pia, na cha tatu vivyo hivyo, hata habari ikamtangulia mwizi njiani. Wanaume hufuata nyayo. Nyayo zikiingia kijijini, wenyeji hupaswa kuonyesha mahali zilipotokea upande wa pili. Wakishindwa, huulizwa wao. Hapana kusema, "Hayo ni ya jirani." Baada ya vita vya Uganda vya 1978–79 bunduki zilizagaa, na wizi wa ng'ombe ukazidi. Ndipo mwaka 1982 vijiji vya mpakani mwa Kahama na Nzega vikaanzisha Sungusungu, na jambo lile likaenea upesi Shinyanga, Tabora na Mwanza. Watu husifu pinde na mishale yao. Mimi nasifu zaidi firimbi. Sheria ya mwaka 1989 iliwatambua na kuwapa uwezo wa kukamata.

Sisemi kwamba Sungusungu hawakukosa. Walikosa, tena sana mahali pengine: watu walipigwa, na wanawake wazee wakaitwa wachawi. Nitarudi hapo.

Machimboni, basi, kazi ni ngumu zaidi, kwani dhahabu haina kwato. Watu huja kutoka pande zote wakisikia rushi. Leo mtu yuko Nyarugusu, kesho Rwamgasa, keshokutwa Mgusu. Mwenyekiti wa kitongoji ana orodha yake. Mtendaji wa kijiji ana yake. Polisi kata ana jalada lake, na ofisi ya madini inazo leseni. Mwenye karasha naye anajua mifuko gani ya mawe ililetwa usiku wa manane, na nani aliyeileta. Ukizijumlisha habari hizo zote, mwizi amekwisha julikana. Lakini nani azijumlishe? Mwizi anaijua mipaka ya ofisi hizo kuliko sisi, naye hukaa hapo hapo katikati.

Kuhusu dhahabu yenyewe Serikali imeanza vizuri. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na hapo mnunuzi, mwuzaji na ofisa wa madini hukutana mbele ya mzani mmoja. Zamani dhahabu nyingi ilipimwa chumbani kwa mnunuzi, na asubuhi hapana aliyejua ilikokwenda. Mbona basi habari za wezi zisipate mzani wao, hata kama ni wazee watano kukutana mara moja kwa juma, kila mtu na daftari lake mkononi?

Sasa nirudi kwa lile la kuogopesha. Wakati ndugu zetu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa katika mikoa hii, kwa imani ya uongo kwamba viungo vyao huleta dhahabu, Serikali iliwaita watu wapige kura za siri. Hiyo ilikuwa Machi 2009. Kila mtu aliandika jina la anayemshuku. Lakini jina si ushahidi. Mwenye deni aweza kuandika jina la anayemdai. Septemba mwaka ule ule Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwatia hatiani watu watatu kwa kumwua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe. Hapo palitakiwa mashahidi, si karatasi yenye jina tu.

Kwa hiyo mtu apelekaye habari na aseme: nimeona mwenyewe, siku fulani, mahali fulani; au, nimesikia kwa fulani. Hayo mawili yasiandikwe katika mstari mmoja. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni asife kwa neno la "watu wanasema".

Na wakubwa wa ofisi nao wana neno lao la kusikia. Mama mmoja alipeleka habari ya wizi asubuhi, kwa siri. Jioni jina lake likatajwa kilabuni, penye pombe, mbele ya watu wote. Kwa muda wa mwezi mzima hakulala nyumbani kwake. Nilimwuliza, kama usiku wa leo angeona mtu akipita na pampu kichwani, angefanya nini. Akacheka kidogo, akanikaribisha uji.