Begi Lako la Mandolini Ni Uongo, na Mimi Nilisaidia Kuliuza

Wacha nianze na ile sehemu ambayo ningependa kuificha: nilidanganya.

Mwaka jana niliweka video ya dakika mbili nikisifia begi la mandolini. Jeusi, zipu rangi ya dhahabu, mfuko wa mbele wa kuweka simu na nyuzi za ziada. Nikasema kwa sauti ile ya kujiamini mnayoijua, "Hili liko na sponji ya kutosha wasee, hili ni la maisha." Begi lenyewe sikulinunua. Duka moja la katikati ya jiji lilinipa bure ili niliseme vizuri, na hiyo sikuwaambia. Nilikuwa nimelibeba siku mbili tu, kutoka chumbani hadi sebuleni.

Miezi mitatu baadaye, begi hilo hilo lilivunja shingo ya mandolini ya babu yangu.

Kwa hivyo leo siko hapa kuwauzia kitu. Niko hapa kupigana. Nataka kupigana na maduka yanayoita kila kitambaa "begi la sponji", na nataka kupigana na sisi tunaoshika simu na kusema ndiyo, ni kweli, linunueni.

Kwanza mjue ilivyotokea, kwa sababu kila mtu ninayemwambia huuliza, "Kwani nani aliikalia?" Hakuna aliyeikalia. Ilikuwa jioni, mvua ya Aprili, matatu ya Jogoo Road, mimi kiti cha nyuma. Konda alikuwa anaimba ule wimbo wake wa "songa, songa, bado mmoja." Begi nilikuwa nimelisimamisha kati ya magoti. Dere akafunga breki ghafla, mikono ikaniteleza, begi likalala chali kwenye sakafu. Basi. Kutoka urefu wa goti. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti cha mshikaki, na nikajua kabla hata ya kufungua zipu.

Sasa sikiza kwa nini, maana hapa ndipo maduka yanatuponda. Kichwa cha mandolini, pale kwenye funguo za kukazia nyuzi, kimeinama kidogo kuelekea nyuma. Ikianguka chali, kichwa kinaweza kugonga chini kabla ya mwili. Kichwa kimesimama, mwili bado unashuka, na katikati yao kuna shingo nyembamba. Tena shingo hiyo haipumziki hata usiku. Mandolini ina nyuzi nane za chuma, jozi nne, na zikikazwa zote pamoja zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Huo ni uzito wa mtu mzima, umening'inia kwenye kipande cha mbao unachoweza kukizungushia vidole. Kibao kidogo tu mahali pabaya kinatosha.

Begi zuri linajua hivyo. Ndani yake kuna mto mdogo chini ya shingo, ili kichwa kielee hewani kisiguse mgongo wa begi. Langu halikuwa na mto. Nilipokata kitambaa kwa makasi nione hiyo "sponji ya kutosha", nikaipima kwa rula. Milimita 4. Kandambili zangu ni nene kuliko hiyo.

Nilimpigia babu Mombasa siku ya tatu. Siku mbili za kwanza niliogopa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia yote. Akanyamaza kwa muda. Kisha akauliza swali moja: "Uliivika nini?"

Hakuuliza nani aliiangusha, wala matatu gani. Uliivika nini. Na mimi nikakosa la kusema, kwa sababu nilikumbuka ilivyokuwa imevikwa siku aliyonipa. Babu alipiga mandolini kwenye harusi za Mji wa Kale miaka mingi, kando ya udi, fidla na akodiani, hadi vidole vikakataa. Hakuwahi kuingia duka la ala. Seremala alimpigia sanduku la mbao, na ndani yake babu aliizungushia mandolini shuka kuukuu, kisha akaweka leso mbili za bibi zilizokunjwa. Moja chini ya kitako. Nyingine chini ya shingo. Chini ya shingo, mnaona? Ule mto ambao duka la jiji lilishindwa kuweka, mzee aliuweka kwa leso. Na mimi nilipopewa begi la bure, vitu vya kwanza kutupa vilikuwa hilo sanduku na zile leso. Nilidhani ni mambo ya wazee.

Ndiyo maana nasema tatizo letu si umaskini. Tatizo ni neno. Muuzaji wa maziwa akikuuzia maji meupe, unajua umeibiwa. Lakini "sponji" ni nini? Unene gani? Ya aina gani? Iko upande gani wa begi? Hakuna anayesema, na sisi hatuulizi. Tunaangalia rangi, tunaangalia nembo, tunaangalia kama linaenda na luku. Begi la ala limekuwa nguo ya mwanamuziki, wakati kazi yake ni kuwa nguo ya ala.

Kwa hivyo, ukienda dukani, usimwambie muuzaji "nionyeshe begi zuri." Fanya hivi.

Bana begi kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vikisikiana, hicho ni kitambaa, rudisha. Mimi sasa sichukui chini ya milimita 15, na nikipata 20 nalala vizuri. Kisha achilia uone. Sponji ya godoro hubonyea, ikachoka baada ya miezi michache, na ikinyeshewa inakunywa maji yote. Unataka ile ngumu kidogo, ya jamii ya mikeka ya mazoezi, inayorudi mahali pake na kukataa maji.

Weka mkono ndani, utafute mto wa shingo. Hakuna? Rudisha.

Gusa kitako. Begi hutua kwa kitako kila siku, kwenye lami, kwenye ngazi, kwenye sakafu ya matatu. Pale chini ya mandolini kuna kile kifungo cha kushikia mkanda, na kikigongwa, pigo linaenda moja kwa moja kwenye mbao. Hapo panataka mpira au sponji maradufu.

Angalia mbele, pale daraja la nyuzi linapokaa. Daraja la mandolini halijabandikwa kwa gundi, limeshikwa na nyuzi tu, na linasimama juu ya ubao mwembamba. Abiria akikuegemea kwenye msongamano, uzito wake wote unapitia daraja na kushuka kwenye ubao huo. Begi la maana lina ubao mgumu au sponji nene zaidi hapo mbele.

Vuta mikanda kwa nguvu, usiwe na aibu. Funga na ufungue zipu mara kumi mbele ya muuzaji. Akikasirika, amekwambia kila kitu.

Na la mwisho, nenda na mandolini yako. Ukikosa begi la mandolini, muuzaji atakupa la fidla au la ukulele na akwambie "ni saizi moja tu, bosi." Si saizi moja. Mandolini ya kawaida ina urefu wa karibu sentimita 70 na tumbo la upana wa karibu sentimita 25. Fidla ni nyembamba kuliko hapo, kwa hivyo mandolini haiingii kwenye umbo la begi lake. Begi la ukulele linaweza kuipokea kwa kubanwa, lakini mengi yameshonwa kwa ala nyepesi yenye nyuzi za nailoni. Na kama yako ni ile ya mgongo wa mviringo kama kibuyu, begi la mandolini bapa halitaifunga kabisa. Kama ni ile yenye pembe na mkunjo kama konokono, hakikisha pembe hazigusi kitambaa, la sivyo zitajitoboa njia.

Sasa najua mnayotaka kuniambia, kwa hivyo tuyamalize.

"Si ununue sanduku gumu uache kelele." Sawa, kama una gari. Ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu ambao ala yao inatoka nyumbani, inaingia garini, inashuka mlangoni pa ukumbi. Mimi napanda matatu mbili na boda moja. Sanduku gumu kwenye matatu saa kumi na mbili jioni ni vita. Konda anakutoza kiti cha pili, au anataka kulitupa buti pamoja na magunia ya viazi. Kwenye boda halikai mgongoni, unalikumbatia kama mtoto na upepo unakusukuma. Ala inayokuwa mzigo kuibeba huishia kubaki nyumbani, na wewe unaishia kuwa mtu "aliyekuwa anapiga mandolini". Sisi ndio watu ambao begi la sponji linapaswa kutengenezewa hasa. Na sisi ndio tunaouziwa kitambaa.

"Mimi naipigia nyumbani tu." Na siku utakapoitwa kanisani, au kwenye harusi ya binamu, utaibeba kwa nini? Mfuko wa supamaketi?

"Sina pesa." Hili nalijibu kwa heshima, kwa sababu hata mimi sina. Lakini tufanye hesabu. Begi kama lile langu liliuzwa 1,800. Kurekebisha shingo kulinitoa 6,500, na wiki tano bila ala, na shoo mbili nilizokataa. Begi la bei rahisi lilikuwa ghali kuliko lolote lililokuwa kwenye lile duka. Ukiwa na elfu kumi na tano ya mandolini, usimalize yote kwenye mandolini. Tafuta ya elfu kumi na moja, na hiyo nne iliyobaki ivike.

Na kama nne haipo, fanya nilichofanya mimi. Nilinunua mkeka wa mazoezi wa mtumba Gikomba, nikabeba lile begi la uongo hadi kwa mama mmoja fundi wa kushona mabegi. Nikamwonyesha mandolini iliyovunjika, nikamweleza inaanguka vipi. Akakata mkeka tabaka mbili, akashona mto wa shingo, akaweka kipande cha tairi kuukuu kwenye kitako. Mkeka na ufundi jumla ni 1,400. Hakuwahi kuona mandolini maishani mwake. Alielewa kwa dakika tano kitu ambacho duka la ala halijaelewa mpaka leo, kwa sababu yeye aliuliza, "Hii inaumia wapi?"

Hilo ndilo swali lote. Begi huchaguliwa kwa kuanzia pale ala inapoumia na njia unayopita nayo. Jukwaani hakuna anayeliona begi lako. Linafanya kazi yake kwenye ngazi, kwenye mvua, kati ya magoti ya watu.

Ombi langu kwa maduka ni dogo: andikeni milimita. Mnaandika watti za spika na inchi za televisheni, hamtashindwa na unene wa sponji. Mkiandika 4, angalau tutajua tunanunua kifuniko cha vumbi, na kifuniko cha vumbi si dhambi kikiitwa kwa jina lake.

Kwa wenzangu wenye kamera: ukipewa kitu bure, sema umepewa bure. Na usiseme "la maisha" kuhusu kitu ambacho hakijapanda hata matatu moja. Ile video yangu sijaifuta. Nimeandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba nililipwa kwa begi, na kwamba niliyosema si kweli. Kijana mmoja aliniandikia kwamba alilinunua kwa sababu yangu, na mkanda ukakatika wiki ya pili akishuka boda. Nilimtumia 1,800 zake kwa M-Pesa. Alinishukuru, na hiyo shukrani iliniuma kuliko matusi.

Mandolini ya babu imerudi kuimba. Fundi aliiunganisha vizuri, lakini kovu lipo, mstari mweusi nyuma ya shingo, na kidole gumba changu kinaugusa kila ninapopiga. Mwezi uliopita nilishuka nayo Mombasa kwa basi la usiku. Babu hakuiangalia mandolini kwanza. Alichukua begi, akalibonyeza hapa na pale kwa vidole vyake vilivyokauka, akaingiza mkono ndani hadi akaupata mto wa shingo.

"Haya," akasema. "Sasa imevaa."

Leo usiku, kabla hujalala, chukua begi lako. Libane kwa vidole viwili. Kama vidole vinasikiana, usiniandikie kwamba ni begi zuri.