Mwenye Mnara Ndiye Alipe

Wako watu wasemao kwamba mtandao mpya wa simu ukiharibu picha ya televisheni nyumbani mwa mtu, mwenye nyumba na ajinunulie kinga, kwa kuwa maendeleo hayamngojei mtu. Msomaji, nakusihi usiikubali hoja hii, hata ikitoka kinywani mwa mtaalamu.

Tazama mambo yalivyokuwa Uingereza. Mwaka 2007 mkutano wa mataifa uliokutana Geneva uliziruhusu simu za mkononi kutumia masafa ya megahezi 790 hadi 862, yaliyokuwa ya televisheni. (Ruhusa hiyo ilizihusu Ulaya na Afrika pamoja, basi usidhani habari hii ni ya ng'ambo tu.) Mwaka 2013 Uingereza iliyapiga mnada masafa hayo pamoja na mengine, ikapata zaidi ya pauni bilioni 2.3. Televisheni ikaachiwa hadi 790. Minara ya simu ikaanza 791. Baina ya majirani hao ikabaki nafasi ya megahezi moja tu!

Antena iliyokuwa juu ya paa haikujua habari za mnada. Iliendelea kupokea yote, yaliyo yake na yaliyouzwa. Mnara ukiwa karibu, nguvu zake huingia pamoja na picha, na kikuza mawimbi hulemewa, mfano wa mtu anayenong'onezwa huku ngoma inapigwa dirishani. Picha hukatikakatika, pengine hutoweka kabisa. Kinga yake ni kichujio kidogo kinachopitisha mawimbi ya televisheni na kuyazuia ya simu.

Nani akilipie? Hapa Waingereza waliamua kwa haki: makampuni yaliyonunua masafa yalitakiwa kutoa pauni milioni 180, kikaundwa chombo kiitwacho at800 cha kugawa vichujio bure. Wazee wa miaka 75 na zaidi, na watu wenye ulemavu, waliwekewa msaada wa kufungiwa.

Nawasifu, ila si kwa yote. Kila nyumba iliahidiwa kichujio kimoja. Tena, penye kikuza mawimbi mlingotini, kichujio hakina budi kufungwa kabla ya kikuza hicho. Kikifungwa nyuma ya televisheni hakifai kitu. Je, mama wa miaka 70 apande paa?

Nasi Kenya tuliiaga televisheni ya analogi mwaka 2015, na masafa yaliyoachwa wazi yanatamaniwa. Yapasa sharti liandikwe ndani ya leseni yenyewe: kabla mnara haujawashwa, jirani zake waarifiwe, na kichujio na fundi wawe tayari kwa gharama ya kampuni.

Mpinzani atajibu kwamba gharama hiyo itamwangukia mteja wa simu. Na imwangukie! Yeye ndiye anayefaidi mtandao. Bibi kizee ambaye starehe yake ni taarifa ya habari ya jioni, kwa nini alipie mnara asioutumia?